Mguu wa Kushoto Umevimba

Fundi alitengeneza makochi. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba, na tangu asubuhi nyundo ililia: ko, ko, ko. Alikata sponji, akavuta kitambaa, akagonga misumari. Kazi yake ilisifiwa mtaa mzima.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule. Alifanya kila jambo haraka. Hata chai aliinywa amesimama. Kwa sababu hiyo watu walimwita Chapuchapu, na yeye aliitikia.

Siku moja Chapuchapu aliugua nimonia kali. Alilazwa hospitalini, akawekewa oksijeni ili apate pumzi. Fundi alishinda kwenye benchi nje ya wodi. Nyundo yake ilikaa kimya. Hatimaye mkewe alipata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Daktari alisema, "Apumzike, ila asilale tu. Atembee kidogo kidogo."

Fundi alilishika neno la kwanza. Yaliyofuata yalimpita, kwa furaha aliyokuwa nayo.

Alimshonea mkewe godoro jipya, nene na laini. Akamtengenezea mto wa mgongo na mto wa shingo. Kando ya kitanda aliweka meza ndogo. Maji, chakula, redio, vyote alivifikia kwa mkono.

"Baba Watoto, acha niende jikoni," alisema Chapuchapu.

"Jikoni kuna nini? Kifua chako bado kichanga. Lala."

"Nimelala mpaka nimechoka kulala."

"Mama, nilikaribia kukupoteza. Lala nikuone, roho yangu itulie."

Chapuchapu alimtazama mumewe. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa. Akamwonea huruma, akalala.

Siku zikapita hivyo. Asubuhi moja aliamka na maumivu kwenye shavu la mguu wa kushoto, yaani ile nyama ya nyuma, chini ya goti. Mguu ulikuwa umevimba.

Wifi yake, yaani dada yake Fundi, alifika kumsaidia. Alifunua shuka, akacheka.

"Wifi yangu, umekuwa malkia! Watu hunenepa mwili, wewe umenenepa mguu mmoja!"

"Cheka tu, wifi. Ungeumwa wewe, mtaa wote ungejua."

"Huo mguu umelala. Kaka, pasha mafuta. Nitaukanda mpaka uombe msamaha."

Fundi alileta mafuta ya moto kwenye bakuli. Wifi alikunja mikono ya gauni. Alikuwa ameshachovya vidole mtu alipobisha hodi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, jirani yao. Alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Muuguzi aliona mguu. Akaona na bakuli.

"Shangazi, ngoja! Usiukande!"

Wifi aliinua mikono juu. "Jamani, kwani nimeiba?"

Muuguzi hakucheka. Aliifunua miguu yote miwili, akailinganisha. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Ulikuwa na joto, na ngozi yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, unapumua vizuri? Kifua kinauma?"

"Hapana. Ni mguu tu."

"Tushukuru. Lakini twende hospitali sasa hivi, tusingoje kesho."

"Kwa mguu kuvimba tu?" aliuliza Fundi.

"Baba, mtu akiugua sana mapafu, damu yake huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Halafu akilala muda mrefu bila kusogeza miguu, damu ya miguuni hupita polepole. Mambo hayo mawili yakikutana, donge la damu linaweza kutokea ndani ya mshipa. Nahofia ndilo hili."

"Si likikandwa litayeyuka?" aliuliza wifi.

"Haliyeyuki, Shangazi. Linaweza kumeguka, likachukuliwa na damu mpaka kwenye mapafu. Likiziba njia huko, mtu hukosa pumzi ghafla. Anaweza kufa."

Wifi aliliweka bakuli chini. Alijifuta vidole kimoja kimoja.

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Basi ni mimi," alisema. "Ni godoro langu."

"Ni ugonjwa, Baba. Wengine hupata donge wakiwa wodini, wanatunzwa vizuri. Lawama tuziache hapa, tutafute gari."

Ndani ya gari, Fundi alimshika mkewe mkono.

"Unapumua?"

"Napumua."

Gari lilikata kona.

"Unapumua?"

"Baba Watoto, ukiniuliza tena nitaacha makusudi!"

Walicheka wote wawili. Lakini macho ya Fundi yalikuwa yamejaa machozi, naye hakuuachia ule mkono.

Hospitalini mguu ulipigwa picha kwa mashine inayoonyesha mishipa ya ndani. Kweli, donge lilikuwepo. Lilikuwa bado mguuni. Daktari alimpa Chapuchapu dawa ya kuzuia damu kuganda, akawaeleza tena yote mawili, kupumzika na kutembea, Fundi akisikia.

"Dawa hii usiiruke, Mama. Mguu ukipona, bado usiiache mpaka nikuambie. Usichanganye na dawa za maumivu bila kuniuliza. Ukitoka damu isiyokoma, ukipata choo cheusi, au pumzi ikikatika ghafla, njooni mbio."

"Rudia hilo la mwisho," alisema Fundi. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

Nyumbani, Fundi aliihamishia ile meza ndogo upande wa pili wa chumba. Asubuhi alisimama kando ya kitanda na kunyoosha mkono. "Mama, amka twende." Kwanza walifika mlangoni. Baadaye walifika karakanani. Mwishowe walifika mwisho wa mtaa na kurudi. Chapuchapu akikaa, alichezesha nyayo kama mtu anayekanyaga cherehani. Wifi alijipa kazi ya kukumbusha dawa. Sauti yake ilisikika tangu barabarani: "Wifi, umemeza?"

Miezi ilipita. Uvimbe uliisha, maumivu yakaisha. Chapuchapu alirudi kwenye masufuria ya shule. Daktari alimpima tena, akasema sasa dawa inatosha.

Jioni ile wifi aliwakuta njiani, kaka yake na mkewe, wanatembea taratibu.

"Nyinyi! Dawa si zimekwisha? Mbona bado mmeshikana mikono kama wachumba?"

Fundi aliona haya, akataka kuuvuta mkono wake. Chapuchapu akaubana.

"Daktari amesimamisha vidonge, wifi," alisema. "Mkono hakuutaja."