Chumvi Ukutani kwa Bi Pieternella

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Novemba mwaka 2014, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa ya jikoni ilionyesha saa kumi na dakika ishirini, kwa kuwa hakuna aliyeirudisha nyuma majira yalipobadilika. Wakati huo ndipo pampu ya tangi la samaki wa bahari la Krijn Wisse, mjini Vlissingen, iliponyamaza pasipo kuzimwa, na sebule ikanuka tope la maji kupwa.

Krijn hakushtuka, maana kazi hiyo aliijua. Maji ya tangi la juu hupita kwenye kisanduku chenye meno kama kitana, hushuka hadi tangi la chini lililo kabatini, na pampu huyarudisha juu. Pampu ikizimika, bomba la kurudishia huweza kuyafyonza maji kinyumenyume. Ndiyo maana alikuwa amelitoboa kitundu karibu na uso wa maji, livute hewa na kuacha kufyonza. Alikitazama kitundu: ki wazi. Aliiosha pampu kwa siki. Kisha akatia vidole katika kisanduku, akitaraji konokono, akavuta nywele. Zilikuwa ndefu, zenye mvi, na hazikuisha upesi.

"Tanneke, umechania nywele hapa?"

"Mimi?" mkewe akacheka kutoka jikoni. "Na hiki kichwa cha kuku aliyenyonyolewa?"

Alipokuja na kuziona, aliacha kucheka. Sakafu ilikuwa imelowa. Matangi hayakupungua hata kidole, ilhali maji ya sakafuni yalijaza ndoo nne, na mengine yalipenya chini ya ukuta kuelekea kwa jirani yao, Bi Pieternella.

"Krijn, lile jiwe," Tanneke alinong'ona. "Lirudishe."

"Nyamaza, mke wangu. Mwamuzi wa mashindano yuko njiani."

Jiwe hilo Krijn alikuwa amelichomoa topeni, maji yalipopwa, mahali kilipozama kijiji zamani. Lilikuwa jiwe la kaburi. Alililaza kifudifudi tangini, maandishi chini, akapanda matumbawe juu yake, na katika chama cha wafuga samaki akasema amelinunua. Tangu hapo tangi lilikuwa likifurika, na dari ya duka la baiskeli lililo chini yao ikivuja. Watu wote walimshuku Bi Pieternella, ajuza wa miaka themanini na minne, kwamba husahau kufunga mabomba. Krijn alipoulizwa, alijibu, "Uzee huo, jamani," akatazama viatu vyake. Na siku hiyo Adriaan, mwana wa ajuza, alikuwa anakuja kumhamishia makao ya wazee.

Mwamuzi, Bwana Verhage, alifika na tochi yake. Kila mwaka chama huzunguka nyumba kwa nyumba kikitoa alama, na tangi lifurikalo halipati kitu.

"Safi, mzee!" alisema akichuchumaa. "Ila hiyo pampu inakoroma kama baba mkwe wangu."

"Hewa tu hiyo."

"Na jiwe hili? Umelitoa wapi, kaka?"

"Dukani."

Pampu ikanyamaza. Ndani ya bomba ukasikika mlio wa koo linalomeza. Papo hapo mlango ukabishwa, akaingia Bi Pieternella amevaa koti, Adriaan nyuma yake na sanduku.

"Nimekuja kuaga, Krijn mwanangu."

Aliinama, akapitisha kidole kwenye weupe ulioganda chini ya ukuta, akakionja. Akamsogelea Krijn na kusema taratibu, mwanawe asisikie:

"Bomba langu halijawahi kutoa chumvi."

Hakumlaumu. Alimpigapiga mkono, akageuka aende zake, na Krijn, aliyewaka uso hadi masikioni, akafunga kinywa.

Hapo maji yakaanza kushuka kwenye kioo cha tangi, si kwa kishindo bali polepole kama jasho, yakalowesha zulia, yakapanda juu ya viatu, yakafika magotini kwake yeye peke yake, kwa maana wengine walisimama pakavu wakimshangaa, na harufu ya tope ikamjaa kinywani, na ndani ya maji hayo ambayo hakuna mwingine aliyeyaona vidole vya baridi vikamshika kifundo cha mguu, vikaanza kukaza.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Maji ni yangu! Jiwe nimeliiba kaburini! Mama yako hana kosa, Adriaan, hajawahi kuacha bomba wazi!"

Vidole vikaachia.

"Ulimwacha mama aonekane kapungukiwa akili," Adriaan alisema, "kwa ajili ya samaki?"

Adriaan alimvua mama yake koti.

Asubuhi, maji yalipopwa, Krijn na Adriaan walilirudisha jiwe topeni, maandishi juu, bila kusemezana. Pampu haijanyamaza tena, na Bi Pieternella yuko kwake.

Wapo wasemao kwamba mzuka ulifukuzwa na mchungaji; hakuitwa mchungaji yeyote. Wapo wasemao kwamba Bwana Verhage aliuona mkono; hakuona kitu. Na wapo, Bi Pieternella akiwa wa kwanza, wanaomsifu Krijn kwamba dhamiri ilimshinda akasema kweli kwa ushujaa. Hilo nalo si kweli. Ajuza alikuwa amekwisha kumpa mgongo, na mtu yule angemwacha aende. Alama za vidole vitano zingali kwenye kifundo chake, naye huvaa soksi ndefu hata kiangazi.