Mlango Usio Kwenye Ramani

Saa kumi na mbili jioni Wankyo alifika kwenye jengo jipya la ofisi za kampuni ya samaki, pale Musoma mjini, kupima upana wa ngazi tu. Jengo lile alilichora yeye na mumewe, Prosper: ghorofa nne, vioo upande wa barabara, na upande wa ziwa ukuta usio na tundu, kwa sababu ya upepo. Prosper hakuuona hata msingi. Ajali ya barabara ya Bunda ilimchukua mwezi Machi, wakamzika kwao Suguti.

Ghorofa ya tatu Wankyo akasimama ghafla. Katika ukuta wa ziwani palikuwa na mlango. Nje yake hakuna kibaraza, hakuna kitu. Hewa tu, na mawe chini.

"Machibya! Nani kawaambia mtoboe hapa?"

Machibya, fomeni aliyeanza kazi mwezi Juni, akavua kofia. "Si mlituagiza wenyewe, injinia? Yule mwenzako mrefu, anayechechemea. Anakujaga jioni na ramani mkononi. Anasema chumba cha mke wake bado."

Prosper alichechemea tangu utotoni, na Machibya hakuwahi kumwona.

"Niletee ramani za kazi," alisema Wankyo. Machibya akashuka.

Upepo ukakata.

Kisha ikaja harufu... ile dawa ya kuchua ambayo Prosper alijipaka gotini kila jioni.

Hatua... mburuto. Hatua... mburuto. Nyuma yake? La. Mbele. Nje ya mlango, mahali pasipo na sakafu.

"Wankyo."

"Prosper?"

"Mbona umechelewa... Njoo. Chumba kimeisha."

Mtu uliyemtupia udongo kaburini kwa mkono wako hasimami hewani. Wankyo alijua hivyo kabisa, na bado akapiga hatua. Miezi saba alikuwa analala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine anamwachia mwenyewe. Akapiga hatua ya pili.

"Sioni uso wako," alinong'ona.

"Utauona ukifika."

Mikono ikamdaka kiunoni, wakaanguka wote wawili sakafuni. Alikuwa Machibya, karudi na ramani, analia.

"Nisamehe, injinia. Tulipochimba kwa ajili ya lifti tulivunja chungu kilichofungwa mdomo. Ndani hamkuwa na kitu. Ila kilihema... Tukaogopa kazi itasimamishwa. Tukamwaga zege juu."

Kesho yake jioni Wankyo aliagiza mlango uzibwe, akasimamia mwenyewe. Lilipobaki tofali moja, kutoka upande wa nje...

Ko. Ko. Ko.

Polepole, vile Prosper alivyokuwa akigonga akichelewa kurudi nyumbani kwao Bweri, asije akamshtua.

Fundi akashusha mwiko, akamtazama.

"Wankyo... ni mimi. Huku baridi."

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Weka tofali," alimwambia fundi.

Jengo limeshafunguliwa, watu wanafanya kazi humo. Chungu kile kilikuwa cha nani, hakuna aliyekuja kusema. Lakini Wankyo hakosi usingizi kwa ajili ya chungu. Anachojiuliza hadi leo ni kwamba jioni ile alimfungia nani nje.