Wimbo wa Mama kwenye Filamu ya Vijiji

— Mtani, wimbo wako nimeuchukua! Unaingia kwenye filamu.

Rehani alisema hivyo akicheka. Nilikuwa nachambua maharage uani kwa shangazi, mtaa wa Manundu, mwaka 1975. Rehani, ambaye sasa ni marehemu, alipiga gitaa la umeme katika bendi moja ya Korogwe, muziki wa kelele ambao vijana waliuita roki. Yeye Mnyamwezi wa kambi ya mkonge, mimi Mzigua wa Handeni, makabila yanayotaniana tangu zamani. Tulitaka kuoana, ila baba, Mzee Kibwana, aliikataa posa mjomba wake alipoileta kwetu kwa zamani; hakutaka mkwe mpiga makelele.

— Wimbo upi?

— Ule wa mama.

Mama alifariki wiki ileile serikali ilipotuhamishia kijiji kipya kwa malori. Rehani akamtungia wimbo. Kwenye dansi watu waliruka tu, maneno hawakuyasikiliza.

— Filamu ya nini?

— Ya vijiji. Watu wanashuka kwenye malori wanacheza, na mimi napiga. Nchi nzima itanisikia, Mwaija!

— Mama alishushwa kwenye lori amelazwa mkekani. Nani alicheza?

— Aa, Mzigua gani asiyejua utani?

— Utani naujua. Msibani mtani huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku, tukacheka huku tunalia. Huu si utani. Umeshatia sahihi kwenye ruhusa yao?

— Kesho, kwa Ndugu Bonaventura wa filamu. Yuko gesti.

— Ukitia, usimtume tena mjomba wako kwa baba.

Asubuhi alinipitia, tukaenda wote.

— Wimbo huu kwenye malori sitaki, Rehani alimwambia Bonaventura.

— Basi, kijana. Bendi ni nyingi, nitapata nyingine kabla sijafika Segera.

Rehani akavaa kofia yake. Tulikuwa mlangoni Bonaventura alipotuita.

— Ngoja. Unautaka wapi?

Rehani akanitazama. Nikauliza mimi:

— Hakuna mtu mliyempiga picha akifunga nyumba yake, kabla ya kupanda lori?

— Yupo bibi mmoja. Tunamkata kwenye filamu. Anapunguza furaha.

— Msimkate. Wimbo uwe wake.

Bonaventura alivuta sigara mpaka ikaisha.

— Nitajaribu.

— Usijaribu, ndugu, alisema Rehani. Andika kwenye ruhusa: kwa bibi huyo, si penginepo.

Akaandika. Rehani akatia sahihi.

Mvua zilipokwisha, gari la sinema lilifika kijijini kwetu, nami nilikuwa nimerudi kwa baba. Kwenye picha za malori zilipigwa ngoma. Kisha bibi akavuta mlango wake, akaufunga kwa kamba, na gitaa la Rehani likaanza. Vijana waliokuwa wamesimama wakakaa chini. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

— Ni yule mpiga makelele?

— Ndiye, baba.

— Alimjua mama yako?

— Mama alikuwa akimwita mkwe. Alisema ni utani tu.

Baba alijifuta uso kwa kiganja.

— Mwambie mjomba wake, alisema, kwamba siku hizi tunakaa huku.