Marashi Nyuma ya Pazia

"Mpishi yuko Msasani. Jiko linawaka."

Simu ikakatwa. Shomari Mwinshehe, kachero wa polisi, akarudisha mkonga mahali pake bila kuuliza swali.

Mpishi ni jasusi wa Kijerumani. Jiko ni redio yake. Likiwaka, nyambizi iliyojificha nje ya Dar es Salaam inapata habari, na meli ya askari wetu inazama. Ilikuwa mwaka 1943, vita imepamba moto, na alasiri ile meli nyingine ingeng'oa nanga.

Shomari akatia bastola yake, Webley, ndani ya kanzu. Akavaa koti na kofia, akapanda baiskeli yake, Raleigh. Kutoka Kinondoni hadi Msasani alikanyaga kama mtu aliyeitiwa mgonjwa.

Mitambo ya Waingereza iliyanusa mawimbi ya redio hiyo Bunju, kisha Kunduchi, sasa Msasani. Chombo kilichopita kote huko kilikuwa kimoja tu. Motaboti ya Muhdhar bin Matar, jina lake Salama.

Watu wale hawakuwa na nyumba nchi kavu. Muhdhar, mkewe Bahiya, binti yao Hamdiya na baba mtu, mzee Matar, waliishi humo humo. Waliambaa na pwani wakiuza kanga na mafuta ya taa, wakala humo, wakalala humo. Hamdiya alijua kuogelea kabla hajajua kutembea vizuri.

Afisa wa Kizungu alikwisha kuipekua Salama. Alitazama kila mahali isipokuwa nyuma ya pazia jeusi. Aliambiwa mzee Matar amefariki huko Kilwa, na ndani mle amekaa eda mjane wake, bibi aliyemwoa uzeeni. Mzungu akavua kofia, akashuka zake.

Utamlaumu? Hata mie nisingeligusa pazia la mjane. Ukilifunua ukamkuta mjane kweli, basi funga virago, uhame mji.

Ndiyo maana akatumwa Shomari.

Konstebo Albano na wenzake walikuwa mtumbwini karibu na Salama, vifua wazi, wanajifanya wavuvi. Shomari aliwaambia mtu asifyatue risasi mpaka yeye aanze. Kisha akavuka kwa miguu, maji yakimfika magotini, akapiga hodi na kusema amekuja kuhani msiba.

Muhdhar akamkaribisha, lakini macho yake yalikuwa chini. Jasho lilimtoka, na upepo upo. Shomari akatoa pole, akasifu wema wa marehemu ambaye hakupata kumjua. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Akauliza Hamdiya yu wapi. Bahiya akajibu polepole kwamba yuko ndani, anamkanda bibi yake miguu. Bibi hataki atoke.

Sauti ilimtetemeka. Hapo Shomari akaanza kuogopa, nami nakwambia, huyu bwana si mwoga.

Bahiya akamimina kahawa. Halafu akafanya jambo.

Akachukua chetezo chenye udi unaofuka, akakisukuma chini ya pazia. Akachukua mrashi, akanyunyiza marashi humo ndani, mara ya kwanza, mara ya pili. Aliyekuwa ndani hakusema kitu.



Udi! Kwa mtu wa eda! Mjane wa pwani hajipaki hina, hatii wanja, hasogelei manukato mpaka eda yake iishe. Bibi yeyote angekirusha chetezo kile nje kwa matusi. Bahiya alijua. Alikuwa anamtazama Shomari usoni, hapepesi, midomo imemkauka.

Mle ndani hamna mjane. Mna Mjerumani, na bastola yake iko kichwani kwa mtoto.

Huyo mtu alizaliwa shamba la mkonge, Tanga. Kiswahili alikisema hadi unashangaa. Lakini kilikuwa Kiswahili cha nyapara na manamba. Ndani kwa wanawake hakupata kuingia.

Shomari akanywa kahawa yote. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Adhuhuri imeingia," akasema kwa sauti ya kusikika. "Bibie, mtume mtoto aniletee maji nitawadhe."

Bahari nzima imewazunguka, na mtu anaomba maji ya kutawadha! Maji ya chumvi yanatosha, kila mtu wa pwani anajua. Bahiya akajua kwamba ameeleweka. Machozi yakamlenga, akayazuia.

"Hamdiya," akaita. "Mletee mgeni maji."

Pazia halikutikisika.

Mjerumani akikataa, tumekwisha.

Pazia likasogea kidogo. Mtoto akatoka na birika. Nyumba yenye heshima haimnyimi mgeni maji ya sala, na Mjerumani alitaka sana Salama ionekane nyumba yenye heshima.

Shomari akapokea birika.

"Samahani, mwanangu."

Akamnyakua, akamtupa baharini, upande wenye kina.

Bastola ya Mjerumani, Luger, ikalia. Risasi ikatoboa turubai. Shomari akajitupa ubavuni, Webley mkononi, akafyatua kupitia pazia mara moja tu. Likaanguka, na mtu akaanguka nalo, amevaa baibui, ndevu za siku nyingi, vidole vya mkono mmoja vikiwa bado juu ya redio.

Redio ilikuwa haijasema neno juu ya meli ile.

Albano alikuwa amekwisha kumpandisha Hamdiya mtumbwini. Analia, mzima.

Muhdhar akakaa chini, akajifunika uso. Bahiya ndiye aliyesema.

"Mzee hakuwa na mke Kilwa. Alikataa kumpakia huyu. Huyu akampiga risasi hapo ulipokaa wewe. Tukamtosa mzee baharini bila sanda."

Shomari akaokota kofia yake, akaipangusa. Kisha akasema, "Zile pole nilizotoa nilipoingia zilikuwa za kazi. Hizi ni zangu. Poleni sana."

Bahiya akachukua mrashi, akaenda ukingoni. Marashi yaliyobaki, ambayo yangemwagwa juu ya kaburi la mkwewe, akayamimina yote baharini.

Shomari akashuka majini. Akainama, akateka maji ya chumvi kwa viganja, akatawadha. Akasali pale pale mchangani, halafu akapanda Raleigh yake kurudi Kinondoni. Alipofika njia ya Bagamoyo alisikia honi ya meli ya askari ikitoka bandarini, lakini hakugeuka.