Filamu ya Elfu na Mia Sita

Picha ya kwanza ilikuwa na kasoro ndogo tu: kona ya kitanda ilitoka nyeusi, na dirisha lilikuwa hapohapo, wazi.

Gatera, mpiga picha wa Remera, hakujali. Alichotaka ni sura ya mwanawe. Watoto wawili wa kwanza wa mkewe, Swafiya, walikufa kabla ya siku ya saba bila kuacha hata picha moja, na huyu alikuwa na siku nne. Mama mkwe, mtu wa Biryogo asiyependa mchezo, alimkuta na kamera akafunga mapazia yote.

"Usije ukamulika flashi macho ya mtoto ambaye hajapewa jina. Nimeshasema."

"Basi mama, nitabadilisha filamu."

Alikuwa ametumia ya mia, inayotaka jua la kutosha. Akaweka ya mia nne; kadiri namba inavyopanda, ndivyo filamu inavyotosheka na mwanga mdogo. Alipoisafisha, konani palikuwa na mkono mrefu, umeshika ukingo wa kitanda.

"Ni shuka," Swafiya alinong'ona, huku akimkumbatia mtoto mpaka akalia. Chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua.

Siku ya tano akaweka ya elfu na mia sita, ile ya kupigia harusi kwenye kumbi zenye taa hafifu. Picha ilitoka na chengachenga kama unga uliomwagika, na ndani ya chengachenga hizo mwanamke alikuwa ameinama juu ya mtoto, mdomo kwa mdomo, anamvuta pumzi, na Gatera aliyekuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo mchana kweupe hakuwa ameona kitu wala kusikia kitu, ila mtoto aliyekataa ziwa tangu asubuhi.

Akaitwa shehe. Akasoma, akafukiza ubani, akaamuru mapazia yafunguliwe. "Sasa piga," akasema. Gatera akapiga. Konani kikabaki kivuli kidogo cha kawaida. Mama mkwe alilia kwa furaha, na Swafiya akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Sasa huyu bwana, miaka kumi na mbili kazini, asubuhi ya siku ya sita ndipo anatazama filamu aliyotumia mbele ya shehe. Ya mia. Jua lilikuwa tele, mkono ukaenda kwa mazoea. Na kivuli kile kilikuwa kilekile cha picha ya kwanza.

Alirudi chumbani mbio na ya elfu na mia sita. Swafiya alikuwa amempakata mtoto.

"Si tulishamaliza?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hii ya mwisho."

Kwenye chumba chake cha giza, uani, karatasi ilianza kuonyesha sura ndani ya dawa. Kona ilikuwa tupu. Gatera akashusha pumzi. Kisha picha ikakolea, na mikono iliyompakata mtoto ilikuwa minne. Mtoto alikuwa anatazama juu, juu kuliko uso wa mama yake, anacheka.

Mtoto wa siku sita hacheki. Gatera alijiambia hivyo mara mbili, huku akimsikia kutoka ndani ya nyumba.