Bafta ya Bwana Mwidani

Asubuhi, katika duka la vitambaa la Bi Sabah huko Mtopanga, jua huingia polepole. Hugusa vitambaa vyekundu, halafu vya kijani, halafu vyeupe. Kwa muda mfupi duka lote huwa kama linaota.

Quinter aliipenda saa hiyo. Alikuwa na miezi miwili tu kazini. Mumewe, Odhiambo, alikuwa amesimamishwa kazi kiwandani Changamwe, na nyumba nzima ilimtegemea yeye. Kwa hiyo alishika kila alichoagizwa. Bi Sabah alimwambia, "Mteja akitoka, mchekee. Mwambie, karibu tena, uje na mwenzako."

Siku moja aliingia mwanamume mtu mzima. Alisimama mbele ya bafta nyeupe, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Unataka ngapi?" Quinter akauliza.

"Nikatie yadi kumi na tano, mwanangu."

Mkasi ulipita kwenye kitambaa kwa sauti ndogo, kama maji. Quinter akakikunja, akacheka. "Asante sana! Karibu tena, uje na mwenzako!"

Yule mwanamume alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaiacha bafta mezani, akatoka.

Mwanatabu, fundi aliyeshona nguo mlangoni, akasimamisha cherehani yake.

"Quinter wee! Yule ni Bwana Mwidani. Mkewe amefariki alfajiri. Hiyo ni sanda."

"Ningejuaje? Nimesema nilivyofundishwa!"

"Umesema kama kasuku. Arudi tena, amzike nani? Na mwenzake ndiye huyo aliyelala."

Bi Sabah alitokea ndani. Alikuwa amesikia yote. "Nusu ya mtaa huu ni jamaa zake. Nani ataingia humu tena? Quinter, leo iwe mwisho."

Machozi yalimlengalenga Quinter. "Nifukuze kesho, Bi Sabah. Leo niruhusu nimpelekee. Maiti hangoji."

Bi Sabah alimsogezea bafta.

Mwanatabu alimsindikiza. Njiani alisema, "Kwanza salamu, yadi baadaye. Mtazame mtu usoni. Wa harusi na wa msiba hawaingii dukani kwa mwendo mmoja. Wa harusi mchekee. Wa msiba mwambie makiwa, mkatie upesi, mpe kwa mikono miwili, unyamaze."

"Na nisipojua ni yupi?"

"Sauti ya chini haimuudhi mtu."

Nyumbani kwa Bwana Mwidani udi ulikuwa ukifuka. Msichana mmoja mlangoni akasema, "Si yule mbara wa dukani, mtu wa kuja? Afuata nini hapa?"

Bwana Mwidani akainuka mkekani. "Ana jina. Muulize jina lake."

"Naitwa Quinter, baba. Makiwa. Nimekukosea, nisamehe." Akampa bafta kwa mikono miwili.

"Quinter," alisema taratibu, kama anayelisikia jina kutoka mbali. "Nimekusamehe, mwanangu. Ingia kwa wanawake wenzako."

Quinter aliingia, akateka maji, akaosha vyombo. Bi Sabah alipofika msibani alimkuta mikono imelowa.

"Kesho uje kazini," alimwambia. "Nami nina kosa. Nilikufundisha maneno, sikukufundisha watu."

Tangu hapo Quinter husalimu kwanza. Wateja nao wakaacha kumwita "wee". Wakamwita kwa jina lake. Kazi yake ikabaki, na duka likajaa.

Baada ya miezi kadhaa Bwana Mwidani alirudi. Akaketi kwenye benchi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Quinter."

Quinter aliendelea kukunja vitambaa bila haraka.

"Mke wangu alipenda zambarau," alisema Bwana Mwidani mwishowe.

Quinter alishusha jora zima la kitambaa cha zambarau. Akalikunjua polepole, likafunika meza yote, likashuka hadi sakafuni. Bwana Mwidani alilitazama mpaka akatosheka. Hakununua kitu, na hakuna aliyemuuliza.