Mama Mkwe wa Enzi za Barafu

Taya la jasi lilikuwa na mate.

Fundi wa meno ya bandia alilishika, akalinusa. Jasi, ule unga mweupe wa kumiminia nakala za vinywa, ikishakauka haitoi maji. Hilo alilijua kama anavyovijua vidole vyake. Lakini ute ulikuwa ukiteleza kutoka kwenye ufizi mweupe hadi kwenye benchi lake la kazi, wa vuguvugu, wenye harufu ya nyama mbichi. Aliufuta kwa kitambaa, akashika kazi ya mteja mwingine.

Taya lile lilikuwa nakala ya kinywa cha mama mkwe wake. Mama huyo alihamia kwao baada ya kung'olewa meno, akakaa kusubiri mkwewe amtengenezee mengine. "Usijisumbue, baba," alikuwa akimwambia, huku akilowesha mkate kwenye chai. "Maliza ya watu kwanza." Naye akawa anamaliza ya watu.

Kazi ikimchosha, aliingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni ambalo wanachama wake waliwinda, kwa maneno tu, paka wakubwa waliokwisha kutoweka duniani: simba wa mapangoni, chui wenye meno marefu kama majambia. Mmoja aliweka picha ya mnyama, na wengine wakaeleza, kwa uzito wa wawindaji wazee, jinsi walivyomuua. Siku moja kabla ya mate yale, fundi alitamani kuwapiku wote. Akachonga meno mawili marefu, akayabandika kwenye taya la mama mkwe kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, akapiga picha. Chini yake akaandika: *Mama Mkwe wa Enzi za Barafu.*

Jukwaa lilipasuka kwa vicheko.

"Nilimchoma mkuki begani huku nakunywa chai. Chai haikumwagika," aliandika Simba Mstaafu.

"Mimi nilimpiga risasi ya gobori gotini," akaandika Bunduki Butu, "akaniuliza kama nimekula."

Fundi alicheka mpaka akatokwa machozi, na upande wa pili wa ukuta mama mkwe akacheka naye, kwa kuwa alipenda kusikia watu wamefurahi.

Sasa, mchana wa siku ya mate, mama mkwe alishindwa kuinua kikombe. "Nimelalia mkono vibaya," alisema. Mke wa fundi alipomfungua gauni begani, alikuta tundu la mviringo, safi, lisilo na tone la damu. Walipotoka hospitali, goti nalo lilikuwa limepasuka.

"Mwenzangu," mke alinong'ona jikoni, "unasikia harufu?"

"Harufu gani?"

"Kama manyoya yaliyolowa."

Aliisikia. Ilitoka chini ya mlango wa mama mkwe, ikatambaa ukumbini pamoja na sauti ya ulimi mkavu ukilamba polepole, ukilamba na kupumzika na kulamba tena, kama mnyama anayejisafisha baada ya kula, na fundi aliposogeza sikio mlangoni kulamba kukakoma, kukaja pumzi nzito upande wa pili wa ubao, sawasawa na kimo cha kiuno chake, na pumzi hiyo ikamfuata ukutani hatua kwa hatua alipokuwa akirudi nyuma, hadi akagonga meza.

Mganga aliyeitwa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Hakufukiza kitu. Aliomba aonyeshwe kazi za mikono ya mwenye nyumba, na alipoliona taya karakanani akakaa chini.

"Mlimwachia jini umbo wazi, akaingia," alisema. "Mkampa na majeraha, naye anayahamishia kwa mwenye kinywa. Jini huyu aliitwa kwa kicheko cha watu wengi. Atatoka kwa aibu ya mmoja. Vunja hilo taya, kisha usome yote yaliyoandikwa, mbele ya mama. Usiache neno."

"Mbele ya mkwe wangu?"

"Ulitaka umsomee nani?"

Basi akalivunja, akasoma kutoka kwenye simu mbele ya mama na mkewe. Alisoma la mkuki. Tundu la bega likajifunga. Alisoma la gobori; goti likaungana. Mkewe alitazama sakafu. Mama mkwe alimtazama yeye, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Ni utani tu, baba," alisema mama. "Vijana hutania."

Chini kabisa palikuwa na maneno ya fundi mwenyewe, aliyowajibu wenzake walipomuuliza atachukua nini katika windo lile: *Ngozi gawaneni. Mimi nipeni ulimi, nyumba yangu ipate kupumua.*

Aliyaona. Akazima simu.

"Yameisha," alisema.

Harufu ilitoweka, mganga akaenda zake. Asubuhi mama mkwe alitoka chumbani akitembea wima, akaketi mezani. Bintiye akamsogezea chai na mkate. Hakugusa. Alisalimiwa, hakuitika. Alisalimiwa tena.

"Mama? Mama, sema kitu." Mke akamgeukia mumewe, uso umempauka. "Jana uliyasoma yote?"

Angeweza kusema kweli hapo. Simu ilikuwa mfukoni.

"Yote," alisema fundi.

Mama mkwe akamgeukia. Macho yake yalikuwa yale yale ya upole, yamejaa machozi, yakimsihi. Na chini yake midomo iliyofungwa ikaanza kusukumwa kutoka ndani na ncha mbili, taratibu, moja kila upande.